Naomba ushauri: vishikwambi vichache, watoto wengi Gredi ya 2

Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha Gredi ya 2 huku Ahero, Kaunti ya Kisumu. Vile vishikwambi vya serikali vilivyoanza kuletwa shuleni mwaka wa 2016 bado tunavyo, ila vingi betri zimekufa. Vinavyowaka ni 6, watoto ni hamsini na kitu. Nikivigawa, mwenye ubabe ndiye anayebonyeza; wale wapole wa nyuma wanaishia kuchezea kamba za viatu.

Projekta ipo, lakini mwanga wa dirishani unafifisha picha, na mvua ikinyesha stima hupotea (huku mvua haibishi hodi).

Kilichofaulu ni simu yangu. Niliwarekodi wakisoma silabi, nikawawekea wasikie. Darasa lote kimya! Hata yule asiyefunguaga mdomo aliomba arudie "nya, nye, nyi" kwa sababu hakuipenda sauti yake.

Sasa, mnapangaje vikundi ili kila mtoto aguse kishikwambi? Kuna programu ya kusomea Kiswahili isiyohitaji intaneti? Na mzazi akilalamika eti mwalimu anawachezesha watoto simu badala ya kufundisha, mnamjibuje?