Mrejesho: jicho lililovimba na kukataa seftriaksoni

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu mgonjwa wa kisukari, jicho limevimba na kutokeza, siku 4 za seftriaksoni na metronidazoli (dawa za kuua bakteria) bila nafuu. Asanteni sana, hasa aliyesema nisingoje CT (picha ya kompyuta ya kichwa), nimulike kwanza ndani ya pua. Kweli, kulikuwa na gaga jeusi, yaani nyama iliyokufa.

Tulikata vipande siku hiyohiyo: kimoja kwenye KOH asilimia 10 (kemikali ya kuyeyusha nyama ili kuvu ionekane), kingine kwenye fomalini (ya kuhifadhi nyama). Darubini ikaonyesha nyuzi pana za kuvu, karibu hazina kuta za ndani, zinachipuka kwa pembe mraba. Mukomaikosisi, maambukizi ya kuvu yanayoua nyama. Amfoterisini B ya liposomu (dawa ya kuvu), 5 mg/kg kwa siku, ilianza jioni ile. Insulini ikashusha ketoni (asidi za kisukari kilichopanda), na daktari wa pua na koo akaondoa nyama iliyokufa mara mbili. Amfoterisini hushusha potasiamu ya damu; yake ilifika 2.7 mmol/L, kwa hiyo ipimeni kila siku.

Kuotesha kuvu kulishindikana. Maabara ilisaga kipande kilichokusudiwa kuoteshwa, na nyuzi hizi zikisagwa hufa. Kikatwekatwe tu vidogovidogo. Jicho nalo halioni tena, inasikitisha. Mgonjwa yu hai, anaendelea na posakonazoli ya vidonge, nayo ni dawa ya kuvu.