Mama yetu wa maktaba Mwanza anastaafu: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Ijumaa hii mkuu wetu wa maktaba anafikisha miaka 60 na anakabidhi funguo. Nimefanya kazi chini yake miaka 14. Hotuba zitasomwa na wenye nafasi zao. Mimi nazitaka za wasomaji. Uliyewahi kukaa kwenye meza zile, uwe wa hapa mjini au ulivuka maji kuja, andika alichokufanyia. Nitazichapa zote, nizishone, nimpe mkononi.

Naanza mwenyewe. Nilitoka kusomea ukutubi Bagamoyo nikijiona nimeiva. Siku ya kwanza nikatenga rundo la vitabu vilivyochakaa, vifutwe kwenye rejista. Mama hakunifokea. Alivuta stuli, akatoa sindano nene, gundi nyeupe na uzi alioupitisha kwenye mshumaa. Kilikuwa kitabu cha hesabu, mgongo umeachia kabisa. Akatoboa kwenye mkunjo wa karatasi. "Ukitoboa pembeni, mwanangu, hakitafunguka vizuri. Msomaji atakilazimisha, nawe utakishona tena." Tulishona hadi saa tisa alasiri. Vitabu kumi na kimoja vikarudi rafuni, na sindano ile ninayo mpaka leo.

Wa Kirumba: Mfikishie shikamoo yangu kwanza. Mimi ni mtoto wa Mwaloni, pale soko la samaki. Mama aliuza dagaa, nami nilimbebea magunia kabla ya kwenda kusoma. Nikiingia maktaba, watu wanahama meza. Mkuu aliona, hakusema neno. Kesho yake nikakuta ndoo ya maji na kipande cha sabuni mlangoni, na kila anayeingia ananawa, hata wenye tai. Nilikuja kuambiwa na mlinzi, nimeshamaliza kidato cha nne, kwamba ndoo ile iliwekwa kwa ajili yangu.

Wa Nyegezi: Alinidai kitabu miezi saba. Siku moja tukakutana uso kwa uso sokoni. "Mwangaluka!" Akamuulizia mwanangu, akanunua sato wake, akaenda. Kitabu hakikutajwa. Kesho yake asubuhi nilikipeleka mwenyewe.

Wa Nansio: Mwalimu alitueleza kuhusu Mzee Aniceti Kitereza, Mkerewe mwenzetu, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapwa kwa Kiswahili 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Nikapanda meli kuifuata. Nakala ilikuwa moja, ya kusomea ndani, na meli ya kurudi haimsubiri mtu. Mama akaniuliza, "Babu yako yupo?" Yupo. "Anaona?" Haoni. Akagonga muhuri wa wiki tatu, na kwenye kadi, mahali pa mdhamini, akaandika jina lake mwenyewe. "Kamsomee." Nilimsomea jioni zote zile. Kila ukurasa babu ananikatiza, ananipa neno lenyewe la Kikerewe, kisha ananiambia endelea. Babu hayupo sasa. Jioni zile nilipewa na Mama.

Wa Igoma: Nani anashika nafasi yake?

Mwanzisha mada: Barua haijatoka, mkuu. Tuendelee.

Wa Bwiru: Sitaandika mengi. Baba alikuwa ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Mimi nilikuwa na miaka miwili. Nilipokua nilikwenda kuomba magazeti ya wiki ile. Akaniletea yaliyojalidiwa, akakaa upande wa pili wa meza, akawa anajaza kadi zake. Saa mbili nzima hakuniuliza kitu. Nilipofunga jalada akauliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Tukaenda kula.

Mwanzisha mada: Hii ya Bwiru nimeisoma nikiwa kazini, nikatoka nje kidogo. Poleni sana.

Jana jioni nilimkuta peke yake kaunta, anasafisha muhuri wa tarehe kwa mswaki wa zamani. Nikamwambia, Mama, acha, nitafanya. Akanionyesha: neno Julai limelika, halisomeki. Anataka niombe muhuri mpya kabla shule hazijafunguliwa, maana mtoto asipoisoma tarehe vizuri ataogopa kurudi. Siku zake kazini zimebaki tatu.

Nimeshaandika ombi. Wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, Mama. Wengine endeleeni kuleta hadi Alhamisi usiku. Ijumaa saa nne asubuhi tunakutana mlangoni, pale kwenye ndoo.