Masika yamenikuta pabaya, kuku wanakunya damu na banda limelowa, naombeni ushauri

Jogoo_la_Chanika
Habari za saa hizi wakuu, wenye uzoefu na kuku naombeni mnisaidie maana nimechanganyikiwa. Nipo Chanika, nilichukua chotara 120 wakiwa na siku moja, leo wana wiki tano na siku mbili. Chanjo nimewapa zote, kideri siku ya 7 na ya 21, gumboro siku ya 14 na ya 28, na mpaka juzi nilikuwa najisifia kwa wife kwamba wamekufa wanne tu.

Sasa hii mvua ya wiki iliyopita, ile inapiga usiku kucha halafu asubuhi jua linachungulia kidogo linarudi kulala. Banda langu ni la mabanzi na wavu, mita 3 kwa 2 na nusu, upande mmoja upepo ulikuwa unaingiza maji, nikanunua maturubai nikazungushia pande zote nne toka juu mpaka chini nikapiga na misumari. Nikalala usingizi mzito kabisa. Siku ya tatu nafungua asubuhi nakutana na joto kama jiko la shughuli, macho yanawasha mpaka yanatoa machozi, na kuku watano wamejikunyata kwenye kona manyoya yamesimama utadhani wamevaa makoti. Kinyesi kina damu mbichi kabisa. Mpaka mchana watatu wakawa wamekufa.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo nikaelezea nikapewa OTC (antibiotiki) na vitamini, leo siku ya tatu natumia na ukiacha wale wanne wa mwanzo wamekufa 11. Jirani naye jana kamtuma mtoto, eti "baba anauliza huku kwenu kuna kitu kimeoza?" Nibadilishe dawa au niwauze chap kabla hawajaisha? Na turubai nitoe au niache maana mvua ndo kwanza inaanza.

MamaMitetea
Pole sana baba. Kabla ya dawa hebu nenda bandani sasa hivi, chukua maranda kiganja kimoja yakamue kwa nguvu halafu achia. Yakimwagika sawa, yakibaki donge kama tonge la ugali hapo ndo penye ugonjwa wako. Na umeyabadilisha lini mara ya mwisho?

Jogoo_la_Chanika
Donge mama, tena donge zuri kabisa la kuchovya kwenye mchuzi. Mkono nimenawa mara mbili na bado unanuka. Sijabadilisha toka wiki ya pili, nilikuwa naongezea mapya juu yake tu.

kifaranga_mzee
Mkuu hiyo ni koksi, kuhara damu, wiki ya tatu mpaka ya sita ndo umri wake hasa. Ukitaka uhakika pasua mmoja aliyekufa muda si mrefu (vaa glovu au hata mfuko wa nailoni), angalia vile vifuko viwili vya utumbo karibu na mwisho, ukikuta vimevimba vimejaa damu basi ndo yenyewe. Ingekuwa gumboro ungeona wanaharisha majimaji meupe na wanajidonoa nyuma, kideri ungeona kijani na shingo zinapinda.

Sasa sikiliza kwa nini OTC haijafanya kitu. OTC ni ya bakteria, koksi siyo bakteria, ni kimelea. Kuku anakunya mayai ya hicho kimelea, yakitoka pale hayana madhara bado, yanataka unyevu na joto siku moja mbili hivi ndo yanakomaa, kisha kuku mwingine anadonoa hapohapo anameza. Wewe ulivyofunga turubai pande zote umeyatengenezea mashine ya kutotolea, unyevu upo, joto lipo, hewa haitoki. Mvua yenyewe unaionea tu.

Tafuta dawa iliyoandikwa amprolium kwenye lebo, fuata kipimo na idadi ya siku zilizoandikwa, usikatize wakichangamka siku ya pili. Na VITAMINI SIMAMISHA kwanza, hasa zenye B1, maana amprolium inafanya kazi kwa kumnyima kimelea hiyo B1, ukiwapa zote mbili unajenga na kubomoa. Vitamini utawapa wakimaliza dozi. Ila vitamini K peke yake ukiipata wape, inasaidia damu kuganda.

shambani_online
Saga mshubiri na kitunguu swaumu changanya na maji, mimi miaka yote natumia hiyo sijawahi kununua dawa

MamaMitetea
@shambani_online mwanangu mimi mshubiri natumia, ila kuku ambaye hajaumwa. Huyu mwenzetu anazika watatu kwa siku, unataka aanze kusaga majani?

Uyole_Baridi
Nichangie kwenye turubai maana limeshanitokea. Huku Mbeya Juni na Julai baridi ni ya kukata, mwaka juzi nilikuwa na vifaranga wa wiki moja, nikaziba banda mpaka tundu la panya, nikaweka jiko la mkaa. Asubuhi wamelala 60 na kitu wametulia tu, hakuna jeraha wala damu. Ni hewa ya mkaa. Toka siku hiyo siwashii mkaa ndani ya banda, nauwashia nje mpaka moshi uishe uwe mwekundu ndo naingiza, na juu naacha wazi hata wife akinuna kwamba wanapigwa na baridi.

Wewe toa matatu. Libaki upande mvua inakotokea, na hilo lifunge kuanzia chini kupanda juu, ule mwanya wa karibu na paa uache kama futi moja na nusu. Kuku wa wiki tano ana manyoya, Dar hakuna baridi ya kumuua. Hela iliyobaki ongeza bati paa litoke nje, chimba na mfereji kuzunguka banda.

kifaranga_mzee
Halafu nimepiga hesabu, kuku 116 kwenye mita za mraba 7.5 ni 15 kila mita. Umri huo wakae 8 mpaka 10. Wanakunya wengi, wanapumua wengi, hata kiangazi hapo pangelowa. Na vyombo vya maji vipo chini au umening'iniza?

Jogoo_la_Chanika
Vipo chini 🙈 wanaingia na miguu

kifaranga_mzee
Ning'iniza kwa kamba, usawa wa mgongo wa kuku. Maranda yote toa leo, sakafu iache ipigwe na upepo, nyunyiza chokaa, weka makavu inchi tatu. Usipoteze hela kumwagia dawa za kuoshea chooni, mayai ya koksi nyingi haziyafanyi kitu. Na kuuza usiuze mkuu, wapo kwenye dawa, mtu atakula hizo OTC zako.

Jogoo_la_Chanika
Mrejesho wakuu, leo siku ya sita. Nilipasua mmoja nikakuta vile vifuko vyeusi vimejaa damu imeganda kama maini. Amprolium nilipata duka la pili. Baada ya kuanza wakafa watatu, wa mwisho juzi asubuhi, toka hapo kimya, wamebaki 102. Arobaini nimewahamishia kwenye stoo ya wife, tumeongea kwa shida lakini kaelewa. Usiku wa kuamkia leo imenyesha mpaka mfereji umefurika, nimeingia na tochi saa tisa nikakamua maranda, yamemwagika yote.

Swali la mwisho. Maranda ya zamani yamejaa viroba 9, na jirani yuleyule wa kitu kimeoza kaja kuniomba ya kuwekea mchicha. Nimpe?

MamaMitetea
Mpe, ila muulize kwanza kama anafuga kuku. Kama anafuga yakae mbali nao kabisa. Na asiyaweke mabichi, yatachoma mchicha, ayalundike ayafunike kama miezi miwili hivi. Harufu ya hiyo miezi miwili sasa itakuwa kwake 😂