Naomba ushauri: hewa ya mitungi ya kuzamia inanuka mafuta

Ndugu wanachama, habari zenu. Kwa wiki mbili sasa mitungi tunayoijaza kwa kompresa yetu ya injini ya petroli imekuwa na harufu hafifu ya mafuta, na nilipofungua vali mbele ya kitambaa cheupe, kilibaki na alama ya manjano isiyozidi ukucha. Mwenzangu alipanda kutoka mita 30 akilalamika kichwa kinamuuma; huenda ni uchovu tu, lakini sikuridhika, kwani kwenye kina hicho shinikizo ni mara 4 ya la juu ya maji, na madhara ya monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini na ambayo haina harufu, huongezeka vivyo hivyo.

Nimebadilisha kichujio cha mkaa na kuelekeza bomba la kuvutia hewa upande unakotoka upepo, mbali na moshi. Harufu imepungua, haijaisha. Kipimo kinaonyesha monoksidi sehemu 7 kwa milioni, ilhali kiwango cha Ulaya, EN 12021, kinaruhusu 5 tu.

Je, gesi hii yaweza kuzalishwa ndani ya kompresa yenyewe, mafuta ya kulainishia yakipata joto kupita kiasi? Na mitungi iliyokwisha kujazwa, inatosha kuitoa hewa na kuijaza upya, au ni lazima ifunguliwe na kusafishwa ndani? Kwa sasa nimeizuia yote isitumike.