Mtoto kapata jibu sahihi la kani, mwalimu kampiga X na kumwambia akae chini!

Wakuu, nimekasirika na siwezi kukaa kimya.

Swali la jaribio la kidato cha tatu, hapa Kigoma mjini: mkungu wa chikichi wa kilo 15 umeanguka kutoka urefu wa mita 8, ukazama sentimita 4 kwenye udongo. Tafuta wastani wa kani (nguvu ya kusukuma, hupimwa kwa nyutoni) ya udongo iliyousimamisha. Mdogo wangu kaandika nyutoni 30,150. Kapigwa X kubwa ya wino mwekundu, pembeni pameandikwa 150. Alipouliza, akajibiwa kwamba mwongozo ndivyo unavyosema, akae chini asisumbue darasa.

Jamani, 150 ni uzito tu wa huo mkungu! Mama yetu anaubeba uzito huo kichwani kutoka shambani mpaka kwenye kinu cha mawese, na njiani anasalimiana na watu. Lakini nani hapa Ujiji asiyejua mkungu ukikudondokea kutoka juu ya mchikichi unakufanya nini? Baba yetu mdogo ulimpata begani, tena mdogo kuliko huo. Hadi leo mkono wake haupiti usawa wa sikio.

Juzi usiku tulikaa na daftari, mstari kwa mstari. Mkungu ukiwa juu una nishati ya 15 × 10 × 8 (kilo, mvuto wa dunia, mita), yaani juli 1,200. Ukishuka, nishati hiyo inageuka kuwa ya mwendo, unafika chini na kasi ya karibu mita 12.6 kwa sekunde. Sasa udongo una sentimita 4 tu za kuzimaliza juli zote hizo. Gawa 1,200 kwa mita 0.04, unapata 30,000. Jumlisha 150, maana dunia haiachi kuuvuta mkungu wakati unazama. Hiyo 150 ya mwisho mimi niliisahau, mtoto ndiye aliyenikumbusha!

Mkungu huohuo ungeangukia lundo la makapi likabonyea sentimita 40, kani ingekuwa 3,150. Nishati ya kuanguka ni ileile, umbali wa kusimama ndio umebadilika. Swali zima liko hapo.

Najua mtaani kani tunaiita nguvu, na nishati nayo tunaiita nguvu. Mwanafunzi akichanganya namwelewa. Lakini kuvitenganisha ndiyo kazi ya mwalimu wa fizikia.

Maki tano si kitu. Kinachoniuma ni kwamba jana nimelikuta daftari lake, ile hesabu ameikata kwa mistari miwili na chini yake ameandika 150. Namuuliza kwa nini, ananiambia, "Dada, ili kwenye mtihani wa taifa nisikoseshwe."

Jumatatu naenda shuleni na karatasi yake. Walimu wa fizikia mliomo humu, naombeni mnipitie hesabu hii kabla sijaenda.