Kichwa cha treni ya mvuke ya kuchezea, cha bei nafuu: nibadilishe moto au silinda kwanza?

Mjukuu wa Dereva (Isevya, Tabora)
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kichwa kidogo cha treni ya mvuke ya kuchezea, mtumba kutoka Uingereza. Kina silinda mbili za kutikisika (zinayumba zenyewe kupitisha mvuke, hazina valvu) na boila ya shaba, na moto wake ni wa vidonge vikavu vya kuwashia. Kinazunguka reli ya uani mara moja na nusu, kisha kinakufa. Mvuke unavuja pale silinda inapokutana na bamba lake. Babu aliendesha treni za mvuke hapa Tabora, nataka akione kikizunguka mara tatu. Pesa yangu inatosha kitu kimoja tu kwa mwezi. Nilinganishieni: bana (kichomeo) ya spiriti, bana ya gesi, au silinda mpya zenye valvu?

Fundi Friji (Gungu, Kigoma)
Spiriti, ndugu yangu. Gesi ina moto mkali na inachemsha haraka, hilo sikatai, ila tundu la jeti yake, pale gesi inapotokea, ni dogo mno na vumbi la Tabora unalijua. Kubwa zaidi ni viungo vya boila. Boila nyingi za bei hii zimeungwa kwa lehemu laini ya bati na risasi, inayoyeyuka karibu nyuzi 183. Maji yakiwa ndani hakuna shida, kwa mgandamizo wa bar 1 juu ya ule wa hewa yanachemka kama nyuzi 120 tu. Yakikauka huku gesi inawaka, viungo vinaachia. Boila yangu ya kwanza iliharibika hivyohivyo. Nikaiunga upya kwa fimbo za lehemu ngumu ya fedha, zilezile tunazounganishia mabomba ya friji, nikaijaribu kwa pampu ya maji baridi kabla ya kuiwashia moto. Spiriti unaipima: mimina kiasi kitakachokwisha kabla ya maji.

Mama Ujiji
Naunga mkono, ila jamani, mwali wa spiriti hauonekani juani. Washa jioni, watoto wakae mbali, na usiongeze spiriti kabla bana haijapoa. Maji tumia ya mvua. Haya yetu ya ziwa yana madini mengi, yanaacha ukoko ndani ya boila.

Mwalimu wa Kaliua
Mjukuu, usinunue chochote bado. Silinda ya kutikisika inabanwa kwenye bamba na springi. Mvuke ukizidi nguvu ya springi, silinda inainuka na kuvuja. Sasa ukiweka moto mkubwa juu ya uso uliochakaa, unaongeza uvujaji tu. Ukikaza springi sana, msuguano unakula nguvu yote.

Fungua silinda. Tandika msasa laini, namba 1000, juu ya kioo, tia oili, sugua uso wa silinda kwa mzunguko wa namba nane hadi ung'ae sawasawa. Bamba nalo hivyohivyo. Osha vizuri, chembe ya msasa isibaki.

Pesa ya mwezi huu iende kwenye kilainishi cha mvuke. Ni kikopo kidogo cha oili kwenye bomba la mvuke: mvuke unaingia, unapoa kuwa maji, maji yanazama chini na kuisukuma oili juu, inakwenda silindani kidogokidogo. Tumia oili nzito ya mvuke. Ile ya giaboksi iache, salfa yake inakula shaba. Na valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, ikague kila mara kabla ya kuwasha.

Fundi Friji
Mwalimu yuko sahihi, mimi nilirukia moto. Silinda zenye valvu ni nzuri kweli, lakini gharama yake inakaribia kichwa kingine.

Mjukuu wa Dereva
Wakuu, nimerudi. Nimesugua jana, moto ni uleule wa vidonge: mizunguko miwili na robo! Uvujaji wa kushoto umekwisha, wa kulia umebaki kidogo. Kilainishi nimeagiza, spiriti mwezi ujao. Babu amekaa kwenye kigoda muda wote, akaniambia nifungue mvuke polepole, maji ya silinda yatoke kwanza.

Mwalimu wa Kaliua
Msikilize babu. Wa kulia urudie kusugua, na kabla ya hapo tazama kama pini ya katikati, ile silinda inayotikisikia, imepinda.