Waya kwenye mwembe

Kikundi: Majirani Gungu, Kigoma
Jumapili jioni

Mjomba Rama: [Picha]

Mjomba Rama: Simu imejaa, nilikuwa nafuta picha nikakutana na hii. Juni 2023, uani kwa Babu Hamisi. Nani anakumbuka tulikuwa tunasikiliza nini?

Mama Tatu: Weee Rama! Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, na Mbeya City, ile ya marudiano kule uwanja wa Sokoine, Mbeya. Huyo wa kanga ya njano aliyejishika kichwa ni mimi.

Baba Zawadi: Siku tuliyopanda Ligi Kuu. Mimi simo pichani, nilikuwa Mbeya kwenyewe.

Shukuru: Shikamooni wote. Kwani hiyo siyo ile tuliyomtoa Simba?

Mjomba Rama: Marahaba mpwa wangu. Hapana, ya Simba ni Aprili 2024, Kombe la Shirikisho, hapa hapa uwanja wa Lake Tanganyika. 1-1 dakika tisini, tukawatoa kwa matuta 6-5. Hii ya pichani ni mwaka mmoja nyuma, ndiyo iliyotuingiza Ligi Kuu.

Shukuru: Ya Simba naikumbuka vizuri. Ilikuwa Ramadhani, Idi iko mlangoni, tukafuturu sauti zimekauka. Hiyo nyingine nilikuwa mdogo.

Mama Tatu: Kila mtu anaikumbuka ya Simba. Msimu wa kupanda ndio unasahaulika, na inaniuma. Ngoja nimalize kugeuza samaki nakuja.

Mjomba Rama: Shukuru, nikuwekee sawa kwanza. Msimu wa 2022/23 tulikuwa Ligi ya Championship, ngazi moja chini ya Ligi Kuu. JKT Tanzania akawa bingwa, Kitayosce wa pili, hawa jirani zetu wa Tabora ambao baadaye wakaitwa Tabora United. Hao wawili wakapanda moja kwa moja. Sisi tukaangukia mchujo. Kwanza unamtoa mwenzako wa Championship, ukishamaliza unakutana na timu ya Ligi Kuu inayopigania isishuke. Ndiyo hao Mbeya City. Nyumbani na ugenini, mnajumlisha mabao.

Shukuru: Kumbe ni ngumu hivyo.

Mjomba Rama: Ngumu sana. Unacheza msimu mzima, halafu unaambiwa bado.

Mama Tatu: Nimerudi. Shukuru mwanangu, mimi nitakueleza kwa karanga zangu, maana ndizo daftari langu. Msimu ule wote nilikaa getini na sinia, karanga na mihogo ya kuchemsha. Mechi za katikati ya wiki, saa kumi, jua linawaka, nafunga pakiti arobaini narudi nyumbani na ishirini na tano. Waliokuwa wanaingia niliwajua kwa sura, hata yupi anapenda karanga zilizokaangwa sana. Wengine mjini hapa walikuwa vibanda umiza wanamsubiri Simba na Yanga. Mpira wenyewe nilikuwa nausikia kwa ukuta tu. Wakipiga kelele ndefu, goli. Wakipiga fupi halafu "aaah", imetoka nje.

Mama Tatu: Siku Mbeya City walipokuja nilifunga pakiti mia na ishirini, nikahisi nimezidisha. Kipyenga hakijalia sinia jeupe! Nikamwachia Tatu sinia, nikalipa kiingilio kama watu wengine. Ndiyo mara ya kwanza msimu mzima kuwaona wale vijana kwa macho yangu. Tukashinda 3-1. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara na watu, sijui hata viatu nilivivulia wapi.

Dada Neema: Mama Tatu umenitoa machozi huku Mbagala.

Babu Hamisi: Watoto, mnaongea mambo mazuri.

Shukuru: Shikamoo Babu.

Babu Hamisi: Marahaba. Sisi wakubwa tulikuwa na timu yetu, RTC Kigoma. Tulikuwa tunakwenda uwanjani na baba zetu na wajomba, tunamshangilia mtu tunayemjua kwao. Halafu ikapotea. Miaka mingi mtu wa Kigoma ukimuuliza timu yake anakutajia ya Dar es Salaam. Mpira tulikuwa nao, kipa Juma Kaseja amezaliwa hapa hapa, lakini vijana wetu wote tulikuwa tunawasindikiza stesheni waende kuchezea kwa watu.

Babu Hamisi: Mnaikumbuka fainali ya Kombe la Shirikisho ya Julai 2021? Simba na Yanga walikuja kuchezea kwetu, Taddeo Lwanga akafunga kwa kichwa. Nyumbani kwangu walilala wageni tisa. Mji ulifurahi, na mimi nilifurahi. Ila usiku nilikaa kibarazani nikajiuliza, huu uwanja umejaa hivi kwa ajili ya watu wa mbali, wetu lini? Ndiyo maana mwaka 2023 sikutaka kibanda umiza. Nilitaka niisikie kwangu.

Mjomba Rama: Na redio ikagoma.

Babu Hamisi: Haikugoma. Ilikuwa inakwaruza. Umeme ulikatika tangu mchana, tukatia betri za tochi, wewe ukapanda mwembe na waya wa shaba.

Mjomba Rama: Kweli. Nilifunga waya kwenye tawi, ukikaza sauti inakuja, ukilegeza inakwenda. Nikabaki juu kule kipindi kizima cha pili, kila mtu ananielekeza. "Kushoto! Hapo hapo! Usihemee!" Siafu wamenipanda mguuni na siwezi kuwatoa.

Dada Neema: Na mimi nilikuwa kwenye simu, mdogo wangu ameiweka karibu na redio. Huku nilikuwa kazini, kila saa najifanya naenda stoo. Nasikia redio inakwaruza, na Mama Tatu anasali.

Mama Tatu: Nilisali kweli. 3-1 siyo mtaji wa kulalia. Wakipata moja mapema, uwanja wao, watu wao, hali inageuka. Nilikuwa nimebandika migebuka kwenye mawese, nikaisahau mpaka moshi.

Mjomba Rama: Sasa Shukuru sikiliza hapa. Mtangazaji anapandisha sauti, anapandisha, "...anapiga, gooo..." na redio ikaingia mikwaruzo. Goli lipo. La nani? Hatujui.

Dada Neema: Nilipiga kelele stoo, "LA NANI?" Hakuna anayenijibu.

Mjomba Rama: Watu wote wananitukana mimi na waya wangu. Hapo Babu akanyanyua mkono.

Babu Hamisi: Niliwaambia, nyamazeni. Msimsikilize mtangazaji, usikilizeni uwanja.

Mjomba Rama: Tukanyamaza. Nyuma ya ile mikwaruzo hakuna kitu. Hakuna ngoma, vuvuzela, wala mtu. Wangefunga wao Mbeya nzima ingekuwa inalia mle ndani ya redio. Babu akasema taratibu, "Ni letu."

Mama Tatu: Hapo ndipo picha ilipopigwa. Hatujathibitisha bado. Tumemwamini Babu tu.

Baba Zawadi: Jamani. Miaka yote hii hamjawahi kunihadithia hilo.

Baba Zawadi: Huo ukimya naujua, nilikuwa ndani yake. Nilitoka hapa na shati jepesi, Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, basi likatuharibikia njiani tukalala kwenye viti. Mbeya mwezi wa sita baridi inakata, nimejifunika taulo mabegani. Sikupata nafasi na wenzetu, nikakaa katikati ya wenyeji. Ulipoingia ule mpira nilisimama. Peke yangu kwenye mstari mzima. Nikawa nasikia vizuri sauti za wachezaji wetu kule uwanjani wanavyoitana, palikuwa kimya kiasi hicho.

Mama Tatu: Hawakukufanya kitu?

Baba Zawadi: Mzee mmoja pembeni yangu alinivuta taratibu nikakaa, akasema "Hongereni, kijana." Timu yake inashuka na anasema hivyo. Mwishoni nikampa mkono, nikamwambia akija Kigoma aulize Gungu. Nilitaka kumpa zaidi ya mkono, sikuwa na kitu.

Babu Hamisi: Mungu amuweke huyo mzee.

Dada Neema: Mimi salio liliisha kabla ya kipyenga cha mwisho. Sikujua tumepanda mpaka nilipotoka kazini, nikamsikia kijana wa bodaboda, Muha kabisa, anapiga kelele barabarani "Leka dutigite!", ule msemo wetu wa Kigoma. Nikamkumbatia. Simjui hadi leo.

Mjomba Rama: 1-0. Jumla 4-1. Niliporuka kutoka mtini redio ikanyamaza kabisa, na hakuna aliyejali.

Shukuru: Babu, hiyo redio bado ipo?

Babu Hamisi: Ipo juu ya kabati. Haiongei tena, ila siitoi.

Shukuru: Na mimi nilikuwa wapi siku hiyo? Mbona simo pichani?

Mama Tatu: Umo. Tazama chini ya meza, pembeni ya redio. Huo mguu ni wako. Ulikuwa umelala, ukaamka tuliposhangilia, ukalia. Nikakubeba mgongoni tukaenda mpaka Mwanga hapa mjini na watu, tunaita "Mapigo na Mwendo!", kauli ya timu yetu, unalia na unapiga makofi.

Shukuru: Nimeuona mguu! Mbona hamjawahi kuniambia!

Dada Neema: Rama, usiifute hiyo picha, nakuomba. Nitumie na mimi isiyopunguzwa ubora.

Mjomba Rama: Siifuti. Nimefuta video za harusi kupata nafasi.

Babu Hamisi: Shukuru, kesho ukitoka shule pitia hapa. Ule waya hatukuufungua, mti umekua ukaumeza. Panda tawi la pili upande wa ziwa, utauona umetokeza kidogo kwenye gome.

Shukuru: Nakuja Babu.

Mama Tatu: Angalia siafu.